Maji hayafiki, yanafurika au yanapotea: kutafuta kasoro kwenye nyumba inayotumia simtank

Nyumba nyingi za mijini zina mpangilio ule ule. Maji ya mamlaka au ya kisima huingia kwenye simtank lililo juu ya mnara au juu ya slabu, kisha hushuka yenyewe hadi jikoni, bafuni na chooni. Kwa kuwa mpangilio ni mwepesi, kasoro nyingi zinaweza kugunduliwa bila kubomoa ukuta. Kinachowagharimu watu ni kukimbilia kununua pampu kabla ya kujua maji yanakwamia wapi. Pampu mpya haizibui valvu iliyokatika ulimi, kile kibamba cha ndani kinachofunga maji.

Katika maelezo haya, bomba ni lile linalopitisha maji, na koki ni pale unapofungulia. Tunasema hivyo kwa sababu mitaani neno moja hubeba maana zote mbili na fundi huishia kubadilisha kisichohusika.

Pima kabla ya kufungua

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Anza na koki iliyo chini kuliko zote, ilmradi inalishwa na tangi na siyo moja kwa moja na bomba la barabarani. Fungua mpaka mwisho, hesabu muda hadi ndoo ijae. Rudia jikoni, kisha bafuni, uandike namba zote. Tangi likiwa mita 4 au 5 juu ya koki na bomba likiwa la nusu inchi, ndoo kujaa kwa dakika 2 hadi 3 ni kawaida. Ikichukua dakika 5, kuna kitu kinabana. Ikichukua dakika 10 na maji yanatoka kwa kusuasua, soma kwanza sehemu ya hewa hapa chini, ile ya maji yanayokohoa.

Sasa linganisha namba zako. Koki zote zikiwa dhaifu, kasoro iko karibu na tangi. Upande mmoja tu wa nyumba ukiwa dhaifu, ni valvu au bomba la upande huo. Koki moja tu ikiwa dhaifu, usitoke hapo, kasoro iko kwenye koki yenyewe au kimpira kinachoilisha. Kisha jiulize lilianza lini. Tatizo lililokuwepo tangu siku ya kuhamia ni la ujenzi: kimo cha tangi au upana wa bomba. Lililokuja polepole kwa miezi ni uchafu au kutu. Lililokuja kwa siku moja ni hewa, valvu au kitu kilichovunjika. Maswali haya mawili, wapi na tangu lini, humaliza nusu ya kazi.

Koki zote ni dhaifu

Panda ukaangalie kiwango cha maji tangini kwa macho, usiulize mtu. Ukikuta maji yapo, angalia valvu ya kutolea maji chini ya tangi. Valvu za geti za bei ndogo zina ugonjwa mmoja usiojionyesha: ulimi wa ndani hukatika kutoka kwenye shina na kubaki umeshuka nusu. Mpini unazunguka kama kawaida, unaamini umefungua, kumbe ulimi haujasogea. Dalili yake ni mpini kuzunguka bila kufika mwisho, au kuzunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Hakuna cha kutengeneza hapo. Badilisha, na ukiweza weka valvu yenye tufe la chuma ndani, ile ya mkono mrefu unaogeuka robo mzunguko. Hiyo unaona kwa macho kama imefunguka: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatiza bomba yamefungwa.

Kama valvu ni nzima, ifunge, fungua yunioni iliyo chini yake (kiungo cha nati kinachoachanisha bomba), weka ndoo, kisha fungua valvu kwa sekunde chache. Maji yakimwagika kwa nguvu, tangi na valvu hazina kosa, tatizo liko mbele. Yakitoka kidogo hata hapo, mdomo wa tangi umezibwa na tope. Tope hutuama chini ya kila tangi, hasa maji ya kisima na maji yanayorudi baada ya mgao. Tangi likiachwa likauke, maji mapya yanapoingia huvuruga lile tope na kulisukuma kwenye bomba. Safisha tangi angalau mara moja au mbili kwa mwaka, na usilipe mtu anayefungulia uchafu ushukie kwenye mabomba ya nyumba. Tope hutolewa kwa kuchota na kufuta, au kwa mdomo wa kusafishia kama tangi lako linao.

Tukifika kwenye tatizo lililokuwepo tangu mwanzo, hesabu ni hii: kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji tangini hadi mdomo wa koki, inakupa presha ya baa 0.1 hivi. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa linakupa baa 0.3. Ukubwa wa tangi hauongezi chochote. Simtank la lita 5,000 na la lita 500 yakiwa kwenye kimo kimoja cha maji yanasukuma sawa. Wako wanaonunua tangi kubwa wakitarajia presha, na duka haliwezi kuwakatalia.

Jambo la pili ni upana wa ndani wa bomba. Mabomba ya plastiki ya PPR huuzwa kwa kipimo cha nje. Bomba la milimita 20 la daraja la presha la PN20 lina ukuta wa milimita 3.4, hivyo tundu lake ni milimita 13.2 tu. La milimita 25 lina tundu la milimita 16.6, na eneo la kupitishia maji ni kubwa kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwa maji yanayoshuka kwa kimo peke yake, bomba kuu kutoka tangini liwe milimita 32, matawi milimita 25, na milimita 20 liishie kwenye kipande kifupi cha kulisha koki moja. Fundi aliyevuta milimita 20 kutoka mnarani hadi jikoni ameokoa pesa siku moja na kukuachia shida ya miaka.

Kuna kosa jingine la PPR ambalo halionekani kwa nje. Bomba hili huunganishwa kwa kuyeyushwa na pasi ya nyuzi joto 260. Kwa milimita 20, plastiki hukaa kwenye pasi sekunde 5 na kuingia karibu milimita 14 ndani ya kiungo. Kwa milimita 25 ni sekunde 7. Fundi anayeacha sekunde 15 ili “ishike vizuri”, au anayesukuma bomba kupita alama, anatengeneza mdomo wa plastiki ndani ya kiungo unaoziba nusu ya tundu au zaidi. Kiungo hakitavuja hata siku moja, ila maji hayatapita. Ukishuku hivyo, kata elbo (kiungo cha kona) moja ya upande ulio dhaifu na uitazame kwa tochi. Ukiona pete nene ya plastiki ndani, tegemea kwamba zilizobaki zilichomwa kwa mkono ule ule.

Nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma zina hadithi tofauti. Kutu hujijenga kwa ndani hadi bomba la nusu inchi linabaki na tundu la kalamu. Pwani, ambako visima vingi vina chumvi, mambo huenda haraka zaidi. Maji ya kahawia asubuhi, yakisafika baada ya dakika moja, ndiyo dalili. Kugongagonga bomba kwa nyundo huachia magamba yanayokwenda kuziba koki, kwa hiyo acha. Bomba hilo linahitaji kubadilishwa, lote, maana ukibadilisha kipande, kiungo kinachofuata ndicho kitakachobana.

Maji yalikuwepo jana, leo yanakohoa au hayatoki kabisa

Tangi liliisha, likajazwa, na sasa koki ya bafuni haitoi kitu ingawa ya jikoni inatoa. Hiyo ni hewa iliyonasa. Bomba linalopanda kisha kushuka, labda kwa kuruka dirisha au kupita darini, lina mgongo. Hewa hukusanyika juu ya mgongo ule, na kwa kuwa tangi lina kimo kidogo, maji hayana nguvu ya kuisukuma itoke. Kuongeza maji tangini hakusaidii sana.

Dawa yake ni kusukuma kinyume. Tafuta koki yenye presha kuliko tangi, kama ile ya bomba la mamlaka nje, au mdomo wa pampu. Funga mpira wa maji kutoka kwenye koki hiyo hadi kwenye koki iliyonasa, ubane ncha zote kwa klipu. Funga koki nyingine zote ndani ya nyumba. Fungua koki iliyonasa kwanza, kisha fungua yenye presha, uache dakika 1 au 2. Maji yatapanda kinyumenyume, yasukume hewa hadi tangini, na mtu aliye juu atasikia mapovu. Funga yenye presha kwanza, toa mpira, jaribu. Ikibidi rudia mara ya pili. Hakikisha maji unayosukuma ni safi, kwa sababu yanaingia kwenye tangi la kunywa.

Kama huna maji ya presha, jaza mpira mrefu maji, uziba ncha, uunganishe kwenye koki iliyonasa, kisha ushushe ncha ya pili chini kadiri uwezavyo, hata nje ya jengo, na uifungulie hapo. Uzito wa maji yanayoshuka kwenye mpira utavuta hewa. Hufanya kazi vizuri kwenye nyumba ya ghorofa kuliko ya chini.

Likitokea kila tangi likiisha, tatizo ni bomba. Literemshe mfululizo bila mgongo, au weka bomba la kupumulia la nusu inchi: linachomoza mara baada ya valvu ya tangi, linapanda wima hadi juu ya usawa wa juu kabisa wa maji, na ncha yake imepindwa chini na kufunikwa kwa wavu wa mbu.

Koki moja tu ni dhaifu

Fungua kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki. Kimejaa mchanga au chokaa. Loweka kwenye siki kwa saa chache, sugua kwa mswaki wa zamani, rudisha. Shawa vivyo hivyo. Kama bado, angalia kimpira kinachonyumbuka chini ya sinki kama kimekunjika, na kile kivalvu cha ukutani kama kimefunguliwa chote. Mara nyingi kimebaki nusu tangu siku kilipofungwa.

Koki inadondosha

Koki ya kuzungusha mara nyingi ina washa ya mpira, kile kipete kinachoziba maji. Ile ya robo mzunguko ina katriji yenye sahani mbili za kauri. Usichanganye.

Kwa ile ya washa: funga maji, fungua koki hadi yaishe, toa mpini, kisha fungua nati kubwa ya kichwa kwa spana ukiishikilia koki kwa spana ya pili ili usipinde bomba ukutani. Toa washa ya zamani, weka mpya ya kipimo kile kile, na kabla ya kufunga ingiza kidole upapase kiti cha shaba chini yake, pale washa inapokalia. Kikiwa na mtaro au kimelika, washa mpya itadondosha ndani ya wiki mbili. Hapo ni kusaga kiti kwa kifaa chake au kununua koki nyingine, na kwa bei za koki za kawaida, ya pili ina maana zaidi. Maji yakitoka shingoni mwa mpini badala ya mdomoni, washa haina kosa: kaza nati ya shingo robo mzunguko, au zungusha tepu nyeupe ya tefloni kwenye shina na kukaza tena.

Katriji haina cha kutengeneza. Chembe ya mchanga ikikwaruza kauri, basi. Itoe, nenda nayo dukani kama sampuli, kwa kuwa urefu wa shina na idadi ya meno hutofautiana. Tabia ya kukaza koki kwa nguvu ili iache kudondosha huvunja katriji na kuchimba kiti cha ile ya washa.

Tukiwa kwenye tepu: izungushwe kufuata upande wa kukazia, ukiitazama nyuzi kutoka mbele ni kama mshale wa saa, mizunguko 8 hadi 12 kwa tepu nyembamba ya madukani. Ukiizungusha kinyume itakunjuka wakati wa kukaza. Nyuzi za chuma zikiingia ndani ya soketi ya plastiki tupu, usirundike tepu. Nyuzi hupanuka kuelekea nyuma na soketi hupasuka, mara nyingine siku kadhaa baada ya fundi kulipwa. Tumia soketi yenye pete ya shaba ndani.

Tangi linafurika

Boya ndilo linalofunga maji tangi likijaa. Linyanyue kwa mkono hadi juu. Maji yakikatika, kiini cha valvu ni kizima na tatizo ni boya lenyewe: limetoboka na kujaa maji (litikise, utasikia), au mkono wake umepinda na boya linagusa ukuta wa tangi. Maji yasipokatika hata ukilinyanyua, washa ndogo ya ndani imekwisha au kuna chembe imekaa kwenye tundu.

Lakini kuna furiko linalotokea usiku pekee. Mchana boya linafunga vizuri, fundi anakuja, hakuna anachoona. Usiku watu wamelala, matumizi yamepungua mtaani, presha ya bomba la mamlaka inapanda na kulishinda boya. Sababu ni tundu la valvu. Valvu za boya hutengenezwa kwa presha ndogo, ya kati na kubwa. Ile ya presha kubwa ina tundu la milimita 3 hivi, ya presha ndogo milimita 6. Tundu pana linajaza tangi haraka, ila nguvu inayosukuma washa huongezeka kwa eneo, hivyo tundu la milimita 6 linasukumwa mara nne ya lile la milimita 3 kwa presha ile ile. Nunua kiini cha presha kubwa, au boya kubwa zaidi lenye mkono mrefu. Vinginevyo banisha kidogo valvu ya kuingizia iliyo chini. Hilo hupunguza tu maji yanayofurika, halimalizi tatizo.

Na bomba la kufurikia liwe nene kuliko la kuingizia. Ukikuta yote mawili ni nusu inchi, maji yatapita juu ya mfuniko na kulowesha slabu, kisha utatafuta uvujaji wa paa usiokuwepo.

Pampu inavuma bila kuzunguka

Chomoa umeme kwanza, au zima saketi breka yake. Pampu ndogo za nusu farasi zinazotumika majumbani zina impela (gurudumu linalosukuma maji) ya shaba iliyobanwa kwenye nafasi nyembamba sana. Ikikaa wiki mbili au tatu bila kazi, kutu ya ganda la chuma huishika. Fungua kifuniko cha feni nyuma, zungusha feni kwa mkono. Shafti nyingi zina mfereji wa bisibisi kwenye ncha yake kwa kazi hii. Ikiachia na kuzunguka kwa wepesi, rudisha kifuniko, washa. Ikigoma, fungua mbele, safisha kutu kwa msasa mwembamba, usilazimishe kwa nyundo.

Ikizunguka kwa wepesi na bado inavuma tu, kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imechoka. Iko ndani ya kiboksi cha waya juu ya mota. Inaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umechomolewa, kwa hiyo usishike ncha zake kwa vidole. Soma namba iliyoandikwa juu yake na ununue ile ile ya maikrofaradi, na volti zisizopungua zilizoandikwa, kwa kawaida 450. Kuiacha pampu ikivuma kwa dakika kadhaa huchoma waya wa mota, na hapo si kapasita tena.

Pampu inazunguka, maji hayapandi

Imepoteza maji yake. Pampu hizi hazivuti hewa. Fungua kizibo cha juu, mimina maji hadi yajae, funga, washa. Yakipanda leo na kesho umerudia kumimina, valvu ya chini ya bomba la kisimani, ile yenye kichujio, inavujisha. Itoe, uangalie kama kijiti au mchanga umekaa chini ya ulimi. Kama haivujishi, kuna kiungo cha upande wa kuvuta kinachonyonya hewa. Kiungo cha namna hii hakidondoshi maji, kwa hiyo hutakiona. Pakaza povu zito la sabuni kwenye kila kiungo pampu ikifanya kazi: mahali povu linapovutwa ndani, ndipo.

Usisahau kipimo cha maumbile. Hakuna pampu ya juu ya ardhi inayovuta maji kutoka kina kisicho na kikomo. Kinachoyapandisha ni mgandamizo wa hewa. Pwani, kinadharia, kikomo ni mita 10 na kidogo, na kwa vitendo mita 7 ni kazi nzuri. Mbeya au Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kinadharia hupungua hadi mita 8 na nusu hivi, na kwa vitendo usitegemee zaidi ya 5 au 6. Kisima kilichokuwa kinatoa maji masika na kukataa kiangazi mara nyingi hakijakauka. Maji yameshuka chini ya kimo hicho. Pampu ya kuzamisha ndiyo jibu, si ya farasi wengi zaidi.

Ikumbukwe pia kwamba mamlaka za maji hukataza kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba lao. Mbali na kumnyima jirani, pampu inanyonya maji machafu ya mtaroni kupitia kila ufa wa bomba barabarani. Acha maji yajae kwenye tangi la chini kwanza, kisha upandishe kutoka hapo.

Pampu ya presha inawaka na kuzima kila sekunde chache

Koki imefunguliwa kidogo na pampu inapiga tak-tak kama cherehani. Tangi dogo la presha, lile lililounganishwa na pampu, limepoteza hewa. Zima pampu, fungua koki mpaka presha iishe, kisha pima hewa kwenye kipentili chake kwa geji ya tairi. Iwe baa 0.2 chini ya presha ya kuwakia: kama pampu inawaka kwenye baa 1.4, jaza baa 1.2 kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza kipentili yakatoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka, ubadilishe.

Ikiwaka yenyewe usiku bila mtu kufungua koki, kuna uvujaji, au valvu isiyorudisha maji imelegea. Anza na choo.

Bili imepanda, hakuna koki inayovuja

Hapa mita ndiyo shahidi. Uniti moja ni lita 1,000. Funga kila koki, funga pia valvu ya kuingizia tangi, soma mita pamoja na vile vitarakimu vyekundu, subiri saa moja bila mtu kuigusa. Mita nyingi zina kinyota au kipembetatu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache. Kikizunguka, maji yanapotea kati ya mita na tangi, mara nyingi chini ya ardhi. Tembea juu ya njia ya bomba ukitafuta majani mabichi kuliko mengine au udongo usiokauka.

Mita ikisimama, tafuta baada ya tangi. Usiku, funga valvu ya kuingizia na uache ya kutolea wazi. Pima kina cha maji kwa ufito mkavu, pima tena alfajiri kabla mtu hajanawa. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1.1 likishuka sentimita 1, zimepotea lita 9 na nusu hivi. Usiku wa pili funga na ya kutolea. Kama bado linashuka, tangi lenyewe lina ufa au kiungo chake cha chini kinavuja. Kama halishuki, kasoro iko ndani ya nyumba.

Na ndani ya nyumba mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Linavuja kimya, moja kwa moja kwenye bakuli. Mimina juisi nzito ya rosela au rangi ya chakula ndani ya tangi lake, usivute, subiri dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa kufungia chini umekakamaa au umeota ukungu. Ufute pamoja na kiti chake. Ukibaki mgumu, ubadilishe. Kama rangi haikuonekana ila unasikia maji, tazama bomba la kufurikia ndani ya tangi: maji yakifika kwenye mdomo wake, shusha boya hadi yasimame sentimita 2 hivi chini yake.

Ukigusa koki ya bafuni unasikia umeme

Hili halisubiri. Toka, zima meni swichi, na mtu yeyote asioge hapo. Hita za papo hapo zina elementi iliyo ndani ya maji yenyewe. Ikipasuka, na nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi, umeme unatafuta njia kupitia kwako. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi na hula elementi haraka, ndiyo maana zipo hita zinazotengenezwa kwa ajili yake. Hapa sio pa kujifunzia. Mwite fundi umeme apime waya wa ardhini kwa kifaa, siyo kwa kuutazama, na afunge kikata umeme cha miliampea 30.

Maji kubaki baridi, kwa upande mwingine, mara nyingi ni presha tu: ndani ya hita kuna mpira unaosukumwa na maji ndipo umeme uwake. Rudi kwenye kimo cha tangi.

Ukuta una doa la unyevu

Kabla ya patasi, angalia ratiba ya doa. Likikua watu wakioga na kukauka wakisafiri, ni maji machafu au viungo vya vigae, bomba la maji safi mara nyingi halihusiki. Likikua wakati wa mvua, ni paa au ufa wa nje. Lisilobadilika usiku wala mchana ni bomba lenye presha. Funga valvu ya tawi hilo kwa siku tatu. Likianza kufifia, umelipata.

Anza kuchimba juu ya doa, kwa sababu maji hushuka kabla ya kutokeza. Fungua upana wa kutosha pasi ya kuunganishia kuingia, karibu sentimita 25 kila upande. Bomba likaushwe kabisa: tone moja likifika kwenye pasi hugeuka mvuke na kuacha kitundu kwenye kiungo. Kama valvu inapitisha kidogo, sukumia kipande cha mkate ndani ya bomba kishike maji wakati unaunganisha. Kitayeyuka na kutoka, mradi uondoe vichujio vya koki kwanza. Kisha acha tundu wazi siku mbili, maji yakiwa yamefunguliwa, ndipo ulete saruji.